Hesabu Amri Kabla ya Kuhesabu Meli

Twilight Imperium ni mchezo wa mezani wa kutwa nzima. Boksi linasema saa 4 hadi 8, na meza ya watu 6 ambao wote ni wageni huangukia upande wa 8, pengine hata kupitiliza. Nalisema mapema kwa sababu wako wanaowaalika rafiki zao kwa maneno matamu, "njooni tucheze kidogo," halafu jua linazama watu wakiwa bado raundi ya pili. Aliyeambiwa ukweli hukaa mpaka mwisho. Aliyedanganywa huanza kuchungulia simu, na mchungulia simu mmoja hupunguza utamu wa meza nzima, maana hapa karibu kila jambo kubwa hutokea kwenye zamu ya mtu mwingine.

Hata hivyo, wengi hawakimbizwi na saa. Wanakimbizwa na meza yenyewe: vigae vya nyota vya pembe sita, mamia ya meli za plastiki, kadi za kila ukubwa, na kila mchezaji na ubao wake uliojaa maandishi madogo. Mtu akiona jeshi lote hilo hudhani lazima awe jenerali. Mimi nauona kama mchezo wa ratiba na mazungumzo. Meli zipo, zinapendeza, na siku moja zitakupa raha yako. Lakini anayeanza kwa kusoma meli huwa anaanzia mkiani.

Historia yake kwa ufupi. Ulibuniwa na Christian T. Petersen, ukatolewa na Fantasy Flight Games mwaka 1997. Ninaouzungumzia hapa ni toleo la nne, la mwaka 2017. Kisa chake ni kwamba taifa la Lazax lilitawala galaksi kutoka sayari ya Mecatol Rex, likaangushwa, kiti cha enzi kikabaki kitupu, na walinzi wachache wakabaki kuutunza mji mkuu mpaka apatikane wa kuukalia. Wewe na wenzako ndio mnaodai urithi. Ndani ya boksi mna mataifa 17. Nyongeza ya mwaka 2020, Prophecy of Kings, inaleta mengine 7 na kuruhusu watu hadi 8 mezani. Kama unayo nyongeza hiyo, iache kabatini kwanza. Najua mkono unawasha. Iache.

Sasa tuanze na mwisho, kwa sababu ndiko kunakotoa maana ya yote. Anayefikisha pointi 10 kwanza ameshinda, papo hapo. Pointi hazitoki kwenye kuua, wala kwenye ukubwa wa himaya. Karibu zote zinatoka kwenye malengo. Mwanzoni malengo 2 ya wazi hufunuliwa katikati ya meza, na kila raundi linaongezwa moja. Ya hatua ya kwanza yana pointi 1 kila moja, ya hatua ya pili pointi 2. Kila mtu pia ana malengo ya siri, ya pointi 1, na hawezi kuwa na zaidi ya matatu katika mchezo mzima. Mwisho wa raundi unaruhusiwa kudai lengo moja la wazi na moja la siri, basi. Kwa hiyo aliyetimiza malengo manne ya wazi kwa mpigo hajapata manne. Amepata moja, na mengine yanasubiri raundi zijazo.

Kaa na jambo hilo kidogo kabla ya kuendelea. Mchezo mara nyingi huisha kwenye raundi ya tano au ya sita. Raundi ambayo hukupata pointi hata moja ni raundi iliyokufa, na hairudi. Ukiyasoma malengo ya hatua ya kwanza utaona jinsi yalivyo ya kawaida: tumia rasilimali 8, tumia ushawishi 8 (vyote viwili hutoka kwenye sayari zako), lipa bidhaa 5 za biashara, miliki sayari 6 nje ya nyumbani kwako, kuwa na teknolojia 2 za rangi moja na 2 za rangi nyingine, weka meli kwenye vigae viwili vinavyopakana na Mecatol Rex. Hakuna hapo linalokutaka umchinje jirani. Lipo sharti moja tu linalouma: huwezi kudai lengo la wazi kama hushikilii sayari zote za nyumbani kwako. Ukitoka na kila meli kwenda kutafuta sifa, mtu akateremsha askari wawili watatu nyuma yako, utakaa ukiwatazama wenzako wakipiga hesabu zao.

Raundi ina awamu nne: kuchagua kadi za mkakati, vitendo, kufunga hesabu, halafu baraza. Hiyo ya baraza haipo mwanzoni. Huanza pale mtu atakapotua Mecatol Rex na askari wake na kulipa ushawishi 6 ili walinzi waondoke. Mwenye kufanya hivyo hupewa pointi 1 hapo hapo, na kuanzia raundi hiyo galaksi ina siasa.

Kadi za mkakati ni 8, na namba zake ndizo zinazopanga nani aanze: Uongozi 1, Diplomasia 2, Siasa 3, Ujenzi 4, Biashara 5, Vita 6, Teknolojia 7, Dola 8. Aliyeichagua kadi hufaidi sehemu yake kubwa, na wengine wote hupata nafasi ya kufaidi sehemu ndogo. Ndiyo maana nikasema mambo makubwa hutokea kwenye zamu za wenzako. Mtu akitumia Teknolojia, nawe unaweza kutafiti kwa kulipa rasilimali 4 na tokeni moja ya amri. Akitumia Vita, unaweza kuzalisha meli nyumbani. Asiyefuatilia hupitwa na nusu ya uchumi wake akiwa amekaa kwenye kiti.

Na sasa tokeni za amri, ambazo ndizo roho ya mchezo. Kama una dakika kumi tu za kumfundisha mgeni, zitumie zote hapa. Unaanza na tokeni 8: 3 za mbinu, 3 za kikosi, 2 za mkakati. Za kikosi hazitumiki. Zinakaa tu, na idadi yake ni ukomo wa meli unazoweza kuwa nazo kwenye kigae kimoja, ukiacha vile vindege vinavyobebwa. Za mkakati ndizo unazolipa kufuata kadi za wenzako. Za mbinu ndizo miguu yako: ukitaka kusogea, unaweka tokeni moja kwenye kigae unakokwenda, unaleta meli, unapigana kama kuna wa kupigana naye, unateremsha askari, halafu unazalisha kama una karakana pale.

Ufundi wote umefichwa kwenye sheria moja: meli iliyo kwenye kigae chenye tokeni yako haiwezi kuondoka raundi hiyo. Imefungwa.

Chukua taifa la Sol mwanzoni mwa mchezo. Lina meli 2 za kubebea, destroya 1, vindege 3, askari 5 na karakana 1, vyote nyumbani. Mgeni hutazama rasilimali alizonazo, akawaza: nijenge kwanza, kisha nitoke nikiwa na nguvu. Anaweka tokeni nyumbani, anajenga. Tayari ameshajifungia ndani. Meli zote mbili za kubebea hazitoki tena mpaka raundi ijayo, na raundi ijayo wenzake watakuwa na sayari sita yeye akiwa na ileile aliyozaliwa nayo. Mpangilio unaolipa ni wa kinyume: tokeni ya kwanza kwenye kigae cha jirani, meli moja ya kubebea inakwenda na askari, ya pili kwenye kigae kingine, meli ya pili inakwenda na waliobaki, ya tatu nyumbani, sasa ndiyo unajenga. Tokeni tatu, na umekwisha. Unabaki na zile mbili za mkakati kufuata wengine.

Halafu linakuja pigo. Mwisho wa raundi unaziokota tokeni zako zote ubaoni, lakini hazirudi mkononi, zinarudi akibani. Unachopewa bure ni tokeni mpya 2. Mbili tu! Wote wanaanza kujiona matajiri wa amri, na kufikia raundi ya tatu wote ni maskini. Hapo ndipo mtu huelewa kwa nini kadi ya Uongozi, isiyo na mvuto wowote kwa macho ya mgeni, hugombewa: inampa mwenyewe tokeni 3, na yeyote mezani anaweza kununua nyingine kwa ushawishi, 3 kwa tokeni moja. Ni kadi pekee ambayo kuifuata hakukugharimu tokeni ya mkakati. Sayari zenye ushawishi mwingi na rasilimali kidogo, ambazo wageni huzidharau, ni viwanda vya amri. Ukitaka kujua nani mezani ameshawahi kucheza, angalia nani anazikimbilia hizo.

Kwa hiyo kabla ya kila raundi mimi hujiuliza: nina tokeni ngapi za mbinu, na kila moja itanisogeza vipi kuelekea lengo lililoko wazi pale katikati? Tokeni isiyo na jibu naipeleka kwenye mkakati. Ni hesabu kavu, nakubali, na wako wanaoona inaua ndoto ya kuwa mfalme wa nyota. Kwangu ndiyo inayoufanya mchezo uchezeke, kwa sababu badala ya kukabiliana na mambo elfu unakabiliana na maswali matatu au manne.

Vita nitavipitia haraka. Dadu zina pande 10, kila meli ina namba yake, ukipata namba hiyo au zaidi umepiga. Kruza hupiga kwa 7, manowari nzito kwa 5, na meli iitwayo jua la vita, inayogharimu rasilimali 12, hurusha dadu 3 na kila moja hupiga kwa 3. Vindege na destroya hupiga kwa 9, yaani mara chache. Hayo yanatosha kuanzia. Jambo la kuelewa zaidi ni nani anafaidika. Mkigombana wawili kwenye meza ya watu sita, mnapoteza meli nyote wawili, na wanne waliobaki hawajapoteza kitu. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Mkongwe huweka jeshi mpakani ili lionekane, halafu anafungua mdomo.

Na kufungua mdomo kuna faida inayohesabika. Kila taifa lina shehena zake, ambazo mikononi mwako mwenyewe hazinunui kitu. Ukimpa jirani, kwake zinageuka kuwa bidhaa za biashara, ambazo hulipia rasilimali au ushawishi. Naye akikupa zake, mambo ni yaleyale. Kwa maneno mengine, wawili wasiofanya biashara wanatupa fedha ambayo ingezaliwa kutoka hewani. Mgeni akikuuliza "kwa nini nikusaidie?" mwonyeshe hilo. Wakati mwingine inachukua raundi nzima mtu kuamini kwamba hakuna mtego.

Mitego ipo kwingine. Sheria inasema makubaliano yanayoweza kutimizwa papo hapo lazima yatimizwe: ukisema nipe bidhaa 2 nikupe 3, ndivyo itakavyokuwa. Yanayohusu baadaye hayamfungi mtu. "Raundi ijayo sitakushambulia" ni upepo. Ahadi ni deni, wahenga walisema, ila hawakuwahi kuketi kwenye meza hii. Wageni wengine huumia sana wakivunjiwa ahadi, kiasi cha kubadilika sauti, ndiyo maana napendekeza sheria hii isomwe kwa sauti kabla ya mchezo kuanza, kila mtu akiwa bado na moyo mweupe. Kuna pia kadi ya kuunga mkono kiti cha enzi. Ukimpa mwenzako ya kwako anapata pointi 1, na anaendelea kuwa nayo mradi tu asiweke tokeni ya amri kwenye kigae chenye vikosi vyako. Wawili wakibadilishana, kila mmoja ana pointi moja na mpaka wenye amani. Meza nyingine huona ni udanganyifu wa kirafiki unaoharakisha mchezo mno. Sina tatizo nao, ila kwa mara ya kwanza ningewaachia wenyewe waugundue.

Baraza lina siri moja ambayo kitabu hakiipigii kelele. Ajenda mbili hufunuliwa, na mnapiga kura kwa ushawishi wa sayari zenu. Ukiitumia sayari kwenye ajenda ya kwanza, haipo kwenye ya pili. Mgeni huogopa kuzimaliza sayari zake. Asiogope: sayari zote zimeamshwa, yaani zinaweza kutumika tena, kabla ya baraza, na zitaamshwa tena baraza likimalizika. Kura haikupunguzii uchumi hata chembe. Bidhaa za biashara haziruhusiwi kununua kura, lakini hakuna anayekukataza kumlipa mtu ili apige kura unavyotaka. Sijui mchezo mwingine wa mezani unaoruhusu rushwa hadharani kwa raha hivi. Spika, yaani yule anayekuwa wa kwanza kuchagua kadi za mkakati, hupiga kura wa mwisho, na kura zikifungana yeye ndiye anaamua.

Taifa la kuanza nalo lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Wape wageni Sol, Hacan, Letnev. Sol ana askari tele na meli za kubebea zilizo kubwa kuliko za wengine. Hacan ana shehena 6, anafanya biashara hata na asiyepakana naye, na nyumbani ana sayari tatu. Kila mtu atataka kuzungumza naye, jambo linalomtoa mtu mwenye haya kwenye ganda lake. Letnev anaweza kukusanya meli nyingi kwenye kigae kimoja na kulipa ili arushe dadu upya, kwa hiyo yule aliyekuja kupigana anapata anachokitaka. Usimpe mgeni Nekro, wasiopiga kura wala kutafiti teknolojia kama wengine, kwa kuwa atakuwa anajifunza sheria huku anajifunza namna ya kutozifuata. Arborec na wale wa Creuss nao wasubiri. Jol-Nar wana teknolojia nzuri tangu mwanzo, na wageni huwapenda, ila kila dadu yao hupungua kwa 1. Nimeona watu wakikata tamaa katika pambano la kwanza tu.

Idadi ya watu: 4. Sita ndiyo sura kamili ya mchezo, hilo halina ubishi, lakini kwa mara ya kwanza kila mtu wa ziada ni saa ya ziada. Mkiwa wanne kila mmoja huchukua kadi mbili za mkakati, kwa hiyo mgeni anaonja kadi nyingi kwa muda mfupi. Watatu sipendi: wawili wakielewana, wa tatu kwisha habari yake.

Kuhusu kufundisha, boksi lina vitabu viwili: kimoja cha kujifunzia, kingine cha kutafutia majibu. Mchapishaji ameviweka vyote kwenye intaneti bure, kwa hiyo watumie wenzako kile cha kwanza siku chache kabla. Nusu yao hawatakisoma. Si kitu. Siku yenyewe usisome kitabu kwa sauti hata kidogo. Onyesha malengo, onyesha tokeni, cheza raundi ya kwanza huku kila mtu akieleza anachofanya, na mengine yote yaelezwe yakitokea. Panga ramani mwenyewe kabla hawajafika. Kupanga vigae kwa zamu ni sehemu halali ya mchezo, ila mgeni hawezi kujua kwamba kigae anachokiweka kwa haraka ndicho kitakachomnyima sayari saa tatu baadaye. Teknolojia nazo zigawe kwa rangi mbele yao na uwashauri kila mmoja afuate rangi moja; maswali yatapungua.

Kisha waachie wakosee. Mwalimu anayerekebisha kila hatua hugeuka kuwa mchezaji wa mataifa manne.

Raundi za mwisho ndizo zinazofanya watu wasahau uchovu, na kuna jambo moja la kuwaambia pointi zikifika 7 au 8. Wakati wa kufunga hesabu, watu hudai malengo kwa kufuata namba za kadi zao za mkakati. Wawili wakiwa na pointi 9 na wote wana lengo la kudai, mwenye namba ndogo anashinda, na mwenzake hafiki kwenye zamu yake. Kadi ya Dola, yenye namba 8, ingekuwa ya mwisho kwa mpango huo, ila yenyewe humruhusu mwenyewe kudai lengo la wazi katikati ya vitendo, bila kusubiri, na kama anashikilia Mecatol Rex anaongezewa pointi nyingine. Kwa hiyo Uongozi na Dola, ya kwanza na ya mwisho, ndizo zinazoamua, na wa kwanza kuchagua kadi ni spika. Uspika huhamishwa na aliyechukua Siasa, naye humpa yeyote asiye spika wa sasa, hata yeye mwenyewe. Ukiona kwenye raundi ya nne mtu amechukua Siasa, akampa uspika mtu mwenye pointi 8, muulize kalipwa nini.